Klachi ya trekta dogo la zamani: kagua nje kabla hujalipasua

Kila mwaka ifikapo Januari na Februari, watu wanapoanza kuchimba mabonde kabla ya masika, simu yangu hulia kwa neno moja: klachi. Trekta lilikuwa zima Desemba, leo halivuti. Au linavuta lakini gia haziingii. Au pedali imeshuka chini na haikurudi. Anayepiga huwa ameshaambiwa na jirani yake kuwa pleti imekufa na trekta lazima lipasuliwe, yaani litenganishwe katikati, tena mara nyingi ameshaanza kutafuta pesa ya spea.

Nimefanya kazi hii miaka mingi, Unguja na Pemba, kwenye Massey Ferguson 135 za zamani na haya matrekta madogo ya Kijapani yaliyoletwa yakiwa yametumika: Kubota, Yanmar, Iseki, Shibaura. Sehemu kubwa ya klachi nilizoambiwa zimekufa zilikuwa hazijafa. Zilitaka kurekebishwa fito (chuma kinachounganisha pedali na klachi), kupigwa grisi, au kutolewa maji. Kumpasulia mkulima trekta bila sababu ni kumnyima wiki nzima ya kuchimba, na kwenye bonde la mvua wiki moja inatosha kumpotezea msimu. Kwa hiyo kila dalili hapa chini nimeipanga kuanzia sababu inayoonekana mara nyingi hadi ile ya nadra, na kuanzia ukaguzi wa mkono mtupu hadi kazi ya kufungua.

Kabla ya yote, elewa kinachotokea ndani. Klachi ndiyo inayounganisha injini na giaboksi. Pleti, sahani yenye kitambaa cha kushika, imebanwa katikati ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, na presha pleti, sahani yenye springi. Ukikanyaga pedali, fito inazungusha foku (mkono wenye ncha mbili), foku inasukuma rilizi beringi (beringi ya kuachia), beringi inakandamiza vidole vya presha pleti, na pleti inaachiwa. Ukiondoa mguu, springi zinaibana tena. Kwa hiyo klachi inayoteleza ni pleti isiyobanwa vya kutosha, na klachi isiyoachia ni pleti isiyofunguliwa vya kutosha. Karibu kila utakachosoma hapa kinarudi kwenye mambo hayo mawili.

Kazi yoyote ya kushika fito au kuingiza mkono chini, zima injini, vuta hendibreki, weka kabari kwenye magurudumu, na shusha plau au rotaveta (jembe la kuzunguka) mpaka ikae ardhini. Nimeona trekta likisogea lenyewe kwenye mteremko mdogo wakati fundi yuko chini yake. Alinusurika kwa sababu tairi liligonga shina la mnazi.

Dalili ya kwanza: injini inapanda mlio lakini trekta halivuti

Hii ndiyo klachi inayoteleza. Mara nyingi huanza kwenye gia kubwa au mzigo mzito, kwa mfano ukiwa na tela la mawe kwenye mlima wa Pemba, au jembe likizama kwenye kinamo. Baadaye huja harufu ya kuungua, kali, inayokaa puani.

Kabla hujaamini, pima. Tafuta uwanja tambarare, mbele pasiwe na mtu. Vuta hendibreki, kanyaga na breki, weka gia kubwa, pandisha mwendo wa injini hadi nusu, kisha achia klachi polepole. Klachi nzima itaizima injini. Injini ikiendelea kulia na trekta limesimama, inateleza. Jaribu mara moja, ukilazimika mara mbili. Kila jaribio linaichoma pleti, na usije ukaimaliza kwa kuipima.

Sababu ya kwanza na ya kawaida kuliko zote ni pedali kukosa plei, yaani ile nafasi ya pedali kushuka bila uzito kabla haijaanza kugusa. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi zinapotea.

Watu wengi wanadhani pleti ikilika pedali inazidi kulegea. Ni kinyume chake. Pleti ikiwa nyembamba, presha pleti inasogea mbele kuelekea flaiwili, na vidole vyake vinarudi nyuma kuifuata rilizi beringi. Plei inapungua. Ukiiacha, itafika siku beringi inakandamiza vidole muda wote, hata mguu wako haupo kwenye pedali. Hapo ni sawa na kuendesha ukiwa umekanyaga klachi nusu. Inateleza, inachomeka, na inalika haraka zaidi, wakati tatizo lilikuwa nati mbili za nje.

Mwaka mmoja niliitwa bonde la mpunga la Cheju, Unguja. Mama mwenye konde alikuwa amesimama ukingoni, mbegu ya mpunga wa Supa imo kwenye polo, na dereva amekaa juu ya kifuniko cha tairi, uso umemsawijika. “Fundi, wameniambia nitafute pleti Dar,” akaniambia. “Nimeshauza mbuzi mmoja.” Nikainama, nikasukuma pedali kwa kiganja. Ngumu tangu mwanzo, haina hata upana wa kidole. Nikalegeza loknati (nati inayoizuia fito isijizungushe), nikazungusha fito mizunguko minne, nikasukuma tena: ikashuka kilaini upana wa vidole viwili hafifu, kisha ikagusa. Tukapima kwenye gia kubwa, injini ikazimika. Trekta lile lilimaliza konde lake na makonde mengine mawili kabla ya jua kuzama. Mbuzi hakurudi.

Namna ya kupima ni hii. Injini imezimwa. Weka rula wima kando ya pedali. Sukuma kwa mkono, si kwa mguu, kwa sababu mguu hauoni pale inapoanza kugusa. Umbali kutoka pedali ilipokaa hadi pale uzito unapoanza ndio plei. Kwa matrekta mengi madogo ya Kijapani inatakiwa milimita 20 hadi 30 juu ya pedali. Massey Ferguson lina kipimo chake, na kinategemea aina ya klachi liliyonayo, kwa hiyo fuata kitabu cha trekta lenyewe. Legeza loknati kwenye fito, zungusha, pima tena. Kama hujui uzungushe upande gani, zungusha mara moja uangalie: plei ikipungua, rudi. Ukishapata kipimo kaza loknati, halafu pima mara ya tatu, maana kukaza kwenyewe huweza kuisogeza.

Andika tarehe uliyorekebisha, hata kwa chaki nyuma ya kifuniko cha betri. Trekta linalohitaji marekebisho baada ya msimu mzima liko salama. Linalohitaji kila wiki pleti yake inakwenda. Na pale uzi wa fito ukiisha, huna pa kuzungusha tena na bado hakuna plei, basi pleti imekwisha kweli.

Sababu ya pili ni mguu wa dereva. Akiifanya pedali kuwa pa kupumzishia mguu, anafanya kazi ileile ya kuondoa plei. Mtazame kwa mbali anavyoendesha kabla ya kumuuliza, kwa sababu atakwambia hapana na yeye mwenyewe anaamini.

Sababu ya tatu ni mafuta kwenye pleti. Chini kabisa ya nyumba ya klachi kuna tundu. Kwenye baadhi ya matrekta lina pini inayoning’inia ili lisizibe, kwenye mengine lina boliti au kizibo cha kufungua. Angalia kinachotoka. Mafuta meusi mepesi yanatoka kwenye injini, kwenye sili (mpira wa kuzuia mafuta) ya nyuma ya kranki. Mafuta ya rangi ya asali, au meupe kama tui yakiwa yamechanganyika na maji, yanatoka upande wa giaboksi. Ukiona mafuta, acha kufanya kazi. Pleti iliyolowa mafuta haioshwi ikapona. Utaifuta kwa petroli, itashika siku mbili, kisha moto utayatoa yaliyozama ndani. Hapo trekta litapasuliwa, na sili ibadilishwe kwanza kabla ya pleti. Anayeweka pleti mpya na kuacha sili mbovu atafungua tena kabla ya vuli.

Baada ya hapo ndipo tufikirie pleti iliyolika, na mwisho kabisa springi za presha pleti zilizochoka kwa moto. Zote mbili huwezi kuzithibitisha bila kufungua.

Onyo: moshi ukitoka kwenye nyumba ya klachi, zima hapohapo. Usimalizie mstari. Dakika chache za kuteleza kwa nguvu zinaweza kuipasua flaiwili kwa moto, na hapo gharama inakuwa zaidi ya pleti.

Dalili ya pili: ukikanyaga, gia zinakwaruza au trekta linaendelea kusogea

Hii ni klachi isiyoachia. Lakini kwanza tutenganishe kosa na kawaida. Matrekta mengi ya zamani hayana giaboksi ya kubadilisha ukiwa unakwenda kama gari. Ukibadilisha trekta likiwa linatembea, gia zitakwaruza hata klachi ikiwa mpya. Pima hivi: simamisha kabisa, kanyaga hadi mwisho, hesabu mpaka tano, kisha ingiza rivasi. Ikikwaruza bado, kuna tatizo.

Plei iliyozidi ndiyo ya kwanza. Pedali inatumia safari yake yote kufika kwenye vidole na haibaki nguvu ya kuvisukuma. Irekebishe kama nilivyoeleza hapo juu.

Ya pili ni pini na matundu ya fito yaliyolika. Mtu mmoja akanyage pedali polepole, wewe uangalie fito kwa tochi. Pedali ikishuka na fito haijasogea, nguvu inapotelea kwenye pini. Sisi tunaoishi karibu na bahari tunaliona hili kuliko wa Bara. Chumvi inaila pini, tundu linakuwa umbo la yai, halafu fundi anaendelea kurekebisha fito mwezi hadi mwezi bila kugusa chanzo. Badilisha pini. Tundu likishaharibika, lijazwe kwa kuchomelewa na litobolewe upya, au uweke bushi.

Ya tatu ni pleti iliyoganda, na hii ndiyo ya Januari. Trekta limekaa tangu vuli chini ya mwembe, unyevu umeingia, na kitambaa cha pleti kimeshikana na kutu ya flaiwili. Ukikanyaga, pedali ina uzito wake wa kawaida, presha pleti inafunguka, lakini pleti inabaki imeng’ang’ania.

Anza kwa upole. Shusha pedali hadi mwisho na uizuie huko kwa kipande cha mti kati ya pedali na kiti, usiku kucha. Asubuhi jaribu. Zinazoachia zenyewe kwa njia hii si chache. Isipoachia, washa injini gia ikiwa frii, iache ipate moto vizuri kwa nusu saa, kisha zima. Mti ukiwa bado umeishikilia pedali, weka gia kubwa na jaribu kulitikisa trekta mbele na nyuma kwa kusukuma magurudumu. Moto na kutikisika mara nyingi huivunja kutu.

Iko njia ya tatu ambayo wengi wanaikimbilia mwanzo: kuwasha injini likiwa kwenye gia, klachi imekanyagwa, na kukanyaga breki kwa ghafla linapokwenda. Inafanya kazi. Pia linapowaka linaondoka hapohapo. Kama ni lazima, iwe uwanja wazi wa mpira usio na watu, bila mtoto hata mmoja, bila jembe nyuma, dereva akae kwenye kiti, na ajue jinsi ya kuizima injini kwa kuvuta fito ya kuzimia. Usilisukume dhidi ya ukuta au mnazi. Trekta lenye gurudumu la mbele lililozuiwa na injini inayovuta linaweza kunyanyuka na kumgeukia dereva.

Kuzuia ni rahisi. Matrekta mengi ya Kijapani yana ndoano ndogo ya kuishikilia pedali chini, na iliwekwa kwa kazi hiyohiyo ya kuhifadhi. Ukijua trekta litakaa miezi, ifunge. Kama haipo, tumia mti uleule.

Hapa nitaje maji, maana yanafanana na kuganda. Trekta lililoburuga bonde lenye maji ya magoti, au lililooshwa kwa mpira wenye presha, huingiza maji kwenye nyumba ya klachi. Siku moja Pemba, nje ya Chake Chake, nilifungua kizibo cha chini cha Kubota nikitarajia tone mbili. Yalishuka maji ya rangi ya chai ya rangi, kwanza kwa kasi, kisha yakawa yanadondoka pamoja na chembe za kutu na unyuzi wa majani ya mpunga. Niliweka kopo, likajaa. Dereva alikuwa hajui kama kile kizibo kipo. Kubota wenyewe wanaagiza kifunguliwe baada ya mvua au kuosha, na wakati wa kazi ya majini kiwe kimefungwa. Massey lenye pini chini nalo, hakikisha pini inacheza. Tope likikauka pale, tundu linakuwa halina maana.

Baada ya hizo tatu, zilizobaki ziko ndani: pleti iliyopinda, kidole kilichovunjika, beringi ndogo ya katikati ya flaiwili iliyojam, au foku iliyoachana na shafti yake. Hii ya foku ina alama yake. Pedali hushuka ghafla hadi chini bila uzito wowote, mara nyingi baada ya mlio mmoja wa “tak”. Kama fito ya nje inasogea na shafti inazunguka, lakini hakuna kinachosukumwa, usiendelee kukanyaga. Lipelekwe kwa fundi.

Dalili ya tatu: trekta linaruka na kutetemeka unapoachia

Unaondoa mguu polepole na trekta linaondoka kwa mikupuo, kama punda asiyetaka mzigo. Kabla ya kuingia ndani, kaza boliti za injini na za ekseli ya mbele. Boliti iliyolegea hutoa mtetemo uleule, na nimeona pleti nzima ikitupwa kwa ajili ya boliti moja. Ukiziona zimekaza, angalia tundu la chini kwa mafuta, kwa sababu pleti yenye mafuta kidogo hushika na kuachia. Yakikosekana pia, ni madoa ya moto kwenye flaiwili, springi za katikati ya pleti zilizovunjika, au vidole vya presha pleti ambavyo havilingani urefu. Hayo yote ni ya kufungua.

Dalili ya nne: kelele

Sikiliza kelele inakuja lini, hapo ndipo jibu lilipo. Trekta limesimama, gia frii, injini polepole.

Ukigusa pedali na mlio ukaanza, wa kukwaruza au kupiga mluzi, ni rilizi beringi. Mlio ukiwapo pedali ikiwa juu na kutoweka ukikanyaga, ni beringi ya shafti ya mbele ya giaboksi. Na ikiwa unasikia tu ukiwa kwenye gia, klachi imekanyagwa, trekta limesimama, shuku beringi ndogo ya katikati ya flaiwili.

Rilizi beringi inayolia haitakuacha njiani leo. Lakini ikijam, itavila vidole vya presha pleti, na utanunua vitu viwili badala ya kimoja. Kwenye matrekta yenye mahali pa kuipigia grisi, piga kidogo tu, kwa sababu inayozidi inarukia pleti. Zile zilizofungwa kiwandani hazipigwi grisi, na usizioshe kwa petroli wala dizeli. Petroli inayeyusha grisi ya ndani na beringi mpya inakufa kwa wiki mbili.

Dalili ya tano: trekta linasimama, PTO haisimami

PTO ni shafti ya nyuma inayoendesha rotaveta na mashine nyingine. Hii ni ya matrekta yenye klachi ya hatua mbili, na Massey Ferguson 135 mengi yako hivyo. Ukikanyaga nusu, magurudumu yanaachiwa. Ukikanyaga hadi mwisho, PTO nayo inasimama. Kwanza hakikisha pedali inafika mwisho kweli. Mkeka uliokunjwa, tope lililoganda chini yake, au plei iliyozidi vinatosha kuizuia. Kisha kuna marekebisho ya hatua ya pili kwenye vidole, yanayofanywa kupitia tundu la kukagulia, na kila kidole kinapewa nafasi sawa kwa geji (kipimo cha nafasi). Kama huna geji na kitabu, usiguse.

Nalisema hili kwa moyo wangu wote: rotaveta isiyosimama ni hatari kuliko tatizo lolote lililomo humu. Shafti ya PTO inazunguka mara 540 kwa dakika. Khanga, kikoi au mkono wa shati ukinaswa, hakuna anayewahi kuizima. Trekta lenye kosa hili lisifanye kazi ya PTO hata nusu eka, na mtu asikaribie nyuma yake mpaka injini izimwe na ufunguo utolewe.

Ikibidi kulipasua

Matrekta haya hayana chesisi kama lori. Injini, nyumba ya klachi na giaboksi ndiyo mwili wenyewe. Ukifungua boliti za katikati, trekta linakuwa vipande viwili vinavyosimama kwa sababu umevishikilia. Kama hujawahi kufanya na mtu aliyewahi, usianzie peke yako.

Kosa linaloumiza watu ni ekseli ya mbele. Imefungwa kwa pini moja katikati ili icheze kwenye mabonde. Trekta likiwa zima, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayozuia injini isilale ubavu. Ukilitenganisha, hakuna kinachoizuia. Kata kabari mbili za mti mgumu, uzigongomee kati ya ekseli na mwili, kulia na kushoto, kabla ya kugusa boliti ya kwanza. Nilikuwapo kwenye karakana moja walipolisahau hilo. Injini iliinama taratibu, karibu kwa adabu, kisha ikaangukia ubavu pale alipokuwa amepiga goti kijana wa miaka kumi na tisa. Alikuwa ameinuka sekunde chache kabla ya hapo, kwenda kuchukua spana.

Sakafu iwe ya zege. Mchangani jeki huzama upande mmoja na vipande havitakutana tena. Chomoa waya wa betri, funga mafuta, tenganisha fito za usukani, waya na mabomba, na weka alama ya rangi kila kiungo.

Ukishafungua, usipulize vumbi kwa kompresa. Pleti za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake linaharibu mapafu. Futa kwa kitambaa chenye maji, kisha kitie kwenye mfuko na ufunge.

Angalia vichwa vya riveti. Kina kutoka uso wa kitambaa hadi riveti kikifika milimita 0.3, pleti imekwisha hata kama inaonekana ina mwili. Flaiwili yenye rangi ya buluu na mikwaruzo inaweza kuchongwa na fundi wa leth (mashine ya kukereza chuma), lakini yenye ufa ibadilishwe. Shika vidole vya presha pleti, vicheze sawa. Zungusha beringi zote mbili kwa vidole vyako. Inayokwaruza inaondoka sasa, kwa sababu hutaki kulipasua tena kwa ajili ya beringi ndogo.

Ukiagiza spea Gerezani au Kariakoo, Dar es Salaam, usiagize kwa jina la trekta peke yake. Peleka pleti ya zamani, au pima kipenyo chake, hesabu meno ya katikati, na tuma picha za pande zote mbili. Trekta la aina moja linaweza kuwa na klachi mbili tofauti. Pleti isiyo sahihi iliyovuka bahari hadi Pemba ni siku nyingine za kusubiri boti, na mvua haisubiri.

Wakati wa kurudisha, pleti ina upande wake. Nyingi zimeandikwa upande wa flaiwili. Kama hakuna maandishi, ulipofungua ulitakiwa kuweka alama. Ilenge katikati kwa shafti ya kulengea kabla ya kukaza presha pleti, na kaza boliti kwa msalaba, kidogo kidogo. Meno ya shafti yapakwe grisi ya kufunika ncha ya kidole tu. Vipande vikikataa kukutana sentimita mbili za mwisho, usivivute kwa boliti. Zungusha injini kwa mkono hadi meno yaingie. Boliti zitavileta, ndiyo, lakini zitaipinda pleti mpya, na utarudi kwenye dalili ya pili siku hiyohiyo.

Kisha rekebisha plei upya. Baada ya saa kumi za kazi ipime tena, kwa kuwa pleti mpya hukaa na kusogea.